Sauti ya Nalongo Niliyoipeleka Darasani

Nina miaka ishirini na minne na niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Juba, Sudan Kusini. Ningekuwa nimemaliza mwaka jana, lakini nilirudishwa nyuma, na sababu yake ndiyo hii ninayotaka kuwaeleza. Sitataja jina langu. Mama ninayemzungumzia nitamwita Nalongo tu, kwa sababu hicho ni cheo ambacho Waganda humpa kila mama aliyezaa pacha. Jina lake halisi sitalitaja popote.

Mimi ni Mbari, kabila la hapa hapa Juba, lakini nilizaliwa na kulelewa Eldoret, Kenya. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha nne. Mjomba akaniambia nirudi nyumbani nisome. Nyumbani! Nilifika Juba sijui neno hata moja la Kiarabu cha huku. Kenya walikuwa wakiniita mkimbizi, na huku wakaniita Mkenya. Nyumba ya mjomba ilijaa watu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniuliza nimeamkaje.

Aliyeniuliza ni Nalongo.

Alikuwa akiuza chai na chapati soko la Custom, chini ya rakuba, kibanda cha mabati kisicho na kuta, mabenchi mawili mbele na jiko la makaa pembeni. Siku ya kwanza alinisikia nikiagiza chai kwa Kiswahili, akafurahi kama aliyekutana na ndugu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, kile kisichohangaika na ngeli, nami nilikipenda. Tangu siku hiyo nilipita kwake kila asubuhi nikienda chuo. Alinifundisha Kiarabu cha soko, neno moja moja. Nilipoumwa malaria alikuja na boda mpaka kwa mjomba, ameshika termosi ya uji mapajani... Nikaanza kumwita mama.

Sasa sikilizeni nilichomfanyia huyo mama.

Mwaka wa tatu mhadhiri wetu alituchagua wanafunzi wanane tufanye utafiti pamoja na wanafunzi wa chuo kimoja cha ng'ambo. Tulitaka kujua watu wa tamaduni mbalimbali wanaelewaje huzuni na matatizo ya akili. Kila mmoja angehoji watu wa mahali anapoishi, na kila wiki tungekutana mtandaoni kusomeana tulichopata. Wawili watakaofanya vizuri zaidi wangesafirishwa kwenda huko kuwasilisha kazi yao. Mimi sijawahi kupanda ndege. Nilianza kujiona angani kabla hata sijahoji mtu mmoja!

Mahojiano yangu yalikuwa makavu. Nikimuuliza mtu anajisikiaje, ananijibu anamshukuru Mungu, yupo tu. Hojaji yenyewe ilitoka ng'ambo kwa Kiingereza, na nilipoitafsiri watu walinitazama kama nimewauliza habari za mwezini. Wenzangu walikuja na simulizi za vita zilizoliza darasa. Mimi nilikuwa na kurasa za "nipo tu".

Ndipo nikamkumbuka Nalongo.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alikuwa akimimina chai kwenye vikombe viwili vidogo na kuviweka pembeni ya meza. Hakuna aliyevinywa. Niliwahi kumuuliza mara moja, akasema ni vya watoto, akageukia chapati zake. Sikuuliza zaidi. Lakini sasa nilikuwa na sababu... au niseme nilikuwa na tamaa?

Nilipomwomba nimhoji, alikataa. Alinieleza kwamba sokoni wakisikia una kitu kichwani, hakuna atakayekula tena kutoka mkononi mwako. Nilimbembeleza siku tatu. Niliapa kwamba jina lake halitatajwa, na sauti yake haitasikiwa na mtu yeyote isipokuwa mimi. Siku ya nne alifuta mikono kwenye kitenge chake, akaketi.

"Kama ni wewe, sawa," akasema. "Lakini ibaki kwako."

Nilimsomea ile ahadi ya utafiti ya kulinda siri zake, nikawasha simu irekodi. Alizungumza karibu saa nzima. Alizaa pacha wa kike, Babirye na Nakato. Walipokuwa na miaka minne aliwaacha kwa bibi yao akaja Juba kutafuta maisha. Homa ikawachukua wote wawili katika wiki moja. Alipofika kwao, walikuwa wameshazikwa.

"Watoto yangu hapana kufa," aliniambia. "Waliruka tu. Kila asubuhi mimi naita wao. Babirye, Nakato, kujeni chai. Halafu naanza kazi."

Alilia. Nami nililia, ndugu zangu, machozi ya kweli kabisa. Lakini hata nikilia, jicho langu lilikuwa linaenda kwenye simu kuangalia kama bado inarekodi.

Jioni ile nilijaza fomu ya ile hojaji. Palipoulizwa kama anakubali kifo cha marehemu, niliandika hapana. Palipoulizwa kama anazungumza na waliokufa, niliandika ndiyo, kila siku. Mwisho nikaandika kwamba mama huyu ni mgonjwa na anahitaji matibabu. Nani alinipa udaktari?

Siku ya kuwasilisha nilicheza kipande kifupi cha sauti yake. Kule ng'ambo mmoja alionekana akifuta macho. Msichana mmoja wa kwao akauliza kama neno "kuruka" lina maana ya pekee katika utamaduni wa mama yule. Nilimjibu bila kusita kwamba hapana, ni dalili ya ugonjwa. Sikuwa nimeuliza. Sikuwa najua chochote. Mgeni aliye ng'ambo alifikiria kuuliza, na mimi niliyekunywa chai kwa mama yule miaka miwili sikufikiria!

Nilisifiwa sana. Na kwa kuwa wenzangu wengine hawakuwepo, niliituma ile sauti kwenye grupu la darasa. Ningeweza kusema niliituma ili wajifunze. Ukweli ni kwamba nilitaka kusifiwa mara ya pili.

Haikuchukua hata wiki. Kutoka grupu letu ilienda grupu lingine, na lingine, mpaka ikafika kwa vijana wa boda wanaoegesha pikipiki zao mbele ya rakuba ya Nalongo. Wakaanza kumwigiza. Mmoja anaita Babirye, mwingine anaita Nakato, wote wanaangua kicheko. Wanawake wa meza za jirani wakasema ana mashetani, na kwamba vile vikombe viwili ni sadaka ya mashetani hayo. Chapati zikaanza kubaki mpaka jioni.

Nilipofika kwake Jumamosi, mabenchi yalikuwa matupu. Alifunika chapati zake, akanigeukia.

"Ni wewe?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Nikasema labda kuna aliyeiba sauti hiyo kwenye simu yangu... Nalongo akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai. Niliinywa! Nilikaa pale na uongo wangu nikainywa chai yake.

Wiki iliyofuata mwenye rakuba alimwambia aondoke, eti anawafukuzia wengine wateja. Nilikuta jiko limeng'olewa na majivu yamemwagwa chini. Aliyenieleza ni Sarah, Mganda mwenzake anayeuza vitenge ng'ambo ya njia. Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kama Nalongo alikuwa mgonjwa siku nyingi. Sarah aliacha kukunja kitambaa.

"Mgonjwa wa nini? Kwetu pacha hatusemi amekufa. Tunasema ameruka. Hata bibi yangu anasema hivyo. Wewe msomi hukuuliza?"

Nilitembea kwa miguu mpaka chuoni, nikaenda moja kwa moja kwa mhadhiri na kumweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ninakumbuka maneno niliyomsomea mama yule kabla ya kurekodi, akaniambia niyarudie. Nilishindwa kufika mwisho. Aliniondoa kwenye utafiti, akawaandikia wenzetu wa ng'ambo kwamba matokeo yangu si ya kweli, na nikaambiwa nirudie mwaka. Wenzangu wawili walisafiri. Nyumbani mjomba hakunisemesha kwa majuma. Mimi niliyekuwa natafiti huzuni za watu, nikawa sili, silali, na simwambii mtu.

Miezi minne ilipita ndipo Sarah aliponiambia kwamba Nalongo yuko Nesitu, nje ya Juba, anapikia madereva wa malori ya barabara ya Nimule. Nilikwenda. Nilimkuta anakata vitunguu chini ya turubai. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kurekodi?" akaniuliza.

Nilimwambia ukweli wote nikiwa nimesimama. Kwamba niliicheza mwenyewe, niliituma mwenyewe, na nilimdanganya. Aliendelea kukata vitunguu.

"Mimi nilijua," akasema. "Siku ile uliangalia chini."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilitaka useme wewe."

Akauliza kama sauti bado iko kwenye simu. Nikasema ipo. Akataka kuisikia. Tulisikiliza yote, malori yakipita, na palipofika majina ya watoto alifumba macho. Ilipokwisha aliniambia nifute. Nilifuta mbele yake. Sote tulijua kwamba kwenye simu za watu haitafutika.

"Nimekusamehe," akasema. "Mungu anaona. Lakini mambo yangu, wewe hapana kuuliza tena."

Dereva mmoja akaita chakula, akaenda kumhudumia. Nilingoja aniambie keti. Hakuniambia. Nikasimama kando kidogo, kisha nikatafuta gari la kurudi Juba.

Mwaka huu nitahitimu. Chuo kimeturuhusu kualika wageni wawili kila mmoja. Nimeandika jina la mjomba. Nafasi ya pili nimeiacha wazi, kwa sababu ninayemtaka sina haki ya kumwita.

Wenzangu mnaosoma na mnaotembea na daftari na simu mkiuliza watu habari za mioyo yao, nawasihi. Mtu akikwambia jambo usilolielewa, muulize yeye maana yake kabla hujampa jina la ugonjwa. Na akikuomba libaki kwako, liache libaki kwako, hata kama ungesifiwa na dunia nzima. Mimi nilisifiwa kwa siku tatu. Nalongo alikuwa na rakuba yake, wateja wake na heshima yake, na vyote vikamtoka kwa mkono wa mtu aliyekuwa akimwita mama.