Mwani Uliosukwa

Kilichomshtua Aurélie kwanza ni alama ya kalamu. Kila asubuhi alichora mstari kwenye kioo cha tangi, pale maji yalipofikia. Maji ya chumvi hupungua kwa joto na chumvi hubaki, kwa hiyo aliongeza maji ya mvua, kikombe kimoja na nusu, si zaidi. Jumanne ile maji yalikuwa yamepanda vidole viwili juu ya mstari, na sebule nzima ilinuka ziwa.

Tangi alilikuta alipoolewa, mwaka 1998. Zéphirin, mume wake, mfanyabiashara wa samaki hapo Nchelenge kando ya ziwa, alikuwa ameagiza maji ya bahari kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, na samaki wawili wa rangi ya machungwa. "Sasa hii ni yako, bibi yangu," alimwambia. "Mutu mwingine asiiguse." Aurélie aliona ni zawadi.

Kisha mwani ulikuja: nyuzi ndefu, nyeusi, laini. Aliukwangua kwa wembe, akapunguza chakula cha samaki, akafunga mapazia. Kesho yake ulirudi, mrefu zaidi. Na kila alipoukwangua, nywele zake zilibaki kwenye kitana. Kwanza chache, halafu fungu zima.

Jumanne ile alimwita jirani yake, Ba Rosaria, mama wa maombi.

"Nilifikiri umeniita kula," Rosaria alicheka, akiwatazama samaki. "Hawa hata kwa nshima ya mtoto hawatoshi." Akainama. Kicheko kikaisha. "Mayo! Mwani gani huu wenye misuko?"

"Sema polepole," Aurélie alinong'ona. "Kitu kilichomo humu kinasikia."

Aliingiza mkono na wembe, na nyuzi zile zikamzunguka kifundo cha mkono, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, zikiwa na joto kama kichwa cha mtu aliye hai, zikitoa harufu ya mafuta yake mwenyewe ya nywele, zikimvuta taratibu hadi maji yakafika kiwikoni, hadi vidole vyake vikagusa jiwe la chini, na pale, chini ya mwani mpya, akaona msuko wa zamani wenye ushanga mwekundu kwenye ncha.

Rosaria alimvuta kwa nguvu, akilitaja jina la Yesu.

Ushanga ule Aurélie aliujua. Ulikuwa kwenye picha ya Ngalula, mke wa kwanza, ambaye Zéphirin alisema alirudi kwa ndugu zake Pweto.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Zéphirin aliingia na jagi la maji ya ziwa, akasimama.

"Kumbe ni wewe unayeongeza," Aurélie alisema.

"Chumvi inamufunga humu asitoke. Maji ya ziwa njo anakunywa."

"Nani?"

"Ule wa ziwa." Sauti yake ilishuka. "Mutumbwi ulipinduka kule Mununga. Benzangu wote walikufa. Ye njo alinishika mukono. Alitaka nyumba, na mwanamuke wa kuifagia."

"Na Ngalula?"

Zéphirin aliwatazama samaki.

Aurélie alimnyooshea wembe. Moyoni alikuwa bado anamwombea aupokee. "Basi fagia wewe. Mara moja tu, mbele yangu."

Zéphirin alificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. "Siwezi, bibi yangu. Atanizoea, hataniacha tena."

Aurélie aliondoka na Rosaria mchana uleule, hadi kwa mama yake huko Kafutuma. Rosaria alimnyoa kichwa chote, akachoma nywele, akafunga na kuomba siku tatu, akikataza ndoo ya maji ya ziwa isiingie nyumbani. Siku ya tatu Aurélie alilala usingizi mzito, akaamka akicheka kwa nafuu.

Mama yake alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, hacheki.

"Nani amekusuka, mwanangu?"

Aurélie alipeleka mkono kisogoni. Kwenye kichwa kilichonyolewa ulining'inia msuko mmoja, umelowa chumvi, na vidole vyake vikaufuata taratibu hadi kwenye ushanga.