Mke Mwenzangu Aliniita Wifi

Nina miaka thelathini na mbili na mabinti wawili. Mimi ni fundi cherehani hapa Mpanda, nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Niiteni Skola. Niliolewa kanisani, kwa pete na mashahidi, na bado kuna nyumba moja nilimokuwa naitwa marehemu... Ngojeni nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtadhani nimechanganyikiwa.

Mume wangu, Dismas, anaendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Msimu ukifika anaondoka, anazunguka vijijini na mashine ya tajiri wake, msimu ukiisha anarudi. Ndivyo tulivyoishi miaka yote.

Mwaka juzi alipelekwa kitongoji kimoja ndani ndani huko, mbele ya Kasekese. Sikitaji jina. Mtandao wa simu hakuna kabisa. Ukitaka kuongea na mtu unapanda kilima, unainua simu juu, unaomba Mungu.

Mwanzoni alikuwa ananipigia Jumapili tu. Upepo unavuma kwenye simu mpaka masikio yanauma. "Skola! Unanisikia? Nipo kilimani!" Tunapiga kelele, tunacheka, simu inakatika. Nilikuwa naipenda ile kelele. Mtu aliyepanda kilima kwa ajili yako, si anakupenda?

Halafu mambo yakabadilika. Dismas akaanza kupiga kila jioni. Sauti safi, kama yuko chumba cha pili! Nikamshukuru Mungu, nikajua wamejenga mnara. Nikamuuliza. Akasema mnara bado, amegundua tu sehemu nzuri ya kilima.

Nikaridhika. Mjinga mimi!

Jioni moja mvua kubwa ilinyesha huko aliko, nikaisikia ikipiga bati. Bati! Kilimani kuna bati? Akasema amejibanza kwenye kibanda cha mlinzi wa shamba. Siku nyingine nikasikia mwiko unakwaruza sufuria. Siku nyingine tena, sauti ya mwanamke, taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kusema neno hilo: "Chakula kinapoa."

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mke wa mlinzi," akajibu haraka.

Tangu siku ile usingizi ukanihama. Nilijua sauti ya mwiko wa yule mwanamke kabla sijajua jina lake. Nikawa naonea wivu sufuria! Dismas akishakata simu, naendelea kuishikilia sikioni, kama vile nitawasikia wakila. Nilishona mikono ya gauni la mteja ndani nje. Binti yangu mkubwa, Neema, akaniambia, "Mama, mbona unaongea na cherehani?"

Msimu wa mahindi ukaisha, Dismas hakurudi. Akasema kuna mpunga. Mpunga ukaisha, akasema kuna kazi ya kujenga mabani ya kukaushia tumbaku. Na kila nikimpigia mimi mchana, namba haipatikani. Jioni anapiga mwenyewe, sauti safi. Hivi kilima gani hicho kinachofunguliwa jioni tu?

Nikaenda kwenye duka la kampuni yangu ya simu hapa mjini, na simu yangu ndogo ya kitochi mkononi, kuuliza kama laini yangu ina matatizo. Ukutani kulikuwa na bango kubwa: PIGA SIMU KUPITIA WIFI HATA PASIPO NA MNARA. Nikasimama nikalitazama. Kupitia wifi? Mimi nina wifi mmoja tu, dada yake Dismas, yuko Namanyere. Yeye atanisaidiaje?

Dada wa huduma kwa wateja akacheka mpaka akashika meza. "Hapana, mama! Siyo wifi ndugu wa mume. Ni waifai, intaneti ya ndani ya nyumba."

Akanieleza. Siku hizi simu ya kisasa ikishika Wi-Fi, na kampuni ikiruhusu, mtu anapiga namba ile ile ya kila siku kwa laini ile ile, hata kama mahali pale hakuna mnara.

"Na mimi wa kitochi napokea?"

"Unapokea kama kawaida. Huwezi kujua."

"Na akitoka kwenye hiyo nyumba?"

"Akishaenda mbali nayo, hapatikani mpaka arudi."

Mpaka arudi... Wasomaji wenzangu, nilihisi baridi kwenye jua la Mpanda! Kwa hiyo mume wangu hakuwa kilimani. Alikuwa sebuleni. Sebule ya nani?

Haikuchukua muda kujua. Mteja wangu mmoja analima huko huko. Nikamuuliza kama mtu asiye na neno: huko kwenu kuna intaneti?

"Iko nyumba moja tu," akasema. "Kwa Spesioza. Kampuni ya tumbaku ilipanga chumba chake cha mbele kiwe ofisi, wakamfungia dishi juu ya bati."

Spesioza. Sasa mwiko ulikuwa na jina.

Niliwapeleka wanangu kwa mama yangu Kakese. Sikumwambia naenda wapi. Nilivaa suruali ndani ya gauni, kwa ajili ya kupigana. Nikafunga kilemba kwa nguvu asije akanishika nywele. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, hili kwanza, lile baadaye. Kutoka Kasekese nikachukua bodaboda, mchana tukafika.

Niliona dishi kabla sijaiona nyumba. Mlangoni ameketi mwanamke anachambua mchele kwenye ungo. Mweusi, mzuri, ametulia. Na tumbo... tumbo kubwa la kuelekea kujifungua!

"Hodi," nikasema.

Yule mwanamke akainua kichwa. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeletewa zawadi. Akaacha ungo, akaja mikono miwili mbele, akanikumbatia.

"Wifi! Wewe ni wifi wa Mpanda! Hiyo sauti naijua, kila jioni naisikia kwenye simu ya kaka yako! Karibu, wifi yangu, karibu! Dismas kaenda kunichotea maji."

Ngumi yangu ikafunguka yenyewe. Matusi yote niliyopanga yakapotea. Kumbe mimi ni dada yake Dismas! Kumbe ndivyo alivyokuwa anaweza kukaa hapo kwa raha zake, ananiuliza habari za watoto, mwanamke huyu akiwa pembeni anasikiliza!

Ningesema pale pale. Kwa nini sikusema? Wivu, ndugu zangu. Wivu ulitaka kuona kwanza. Ulitaka kuona kitanda, kuona kiti anachokalia, kuona anavyopendwa.

Nikaona! Spesioza alinitembeza nyumba nzima. Suruali za Dismas zimepigwa pasi, zimening'inizwa. Jiko la nje alilojenga kwa mikono yake. Rafu aliyomtengenezea ya vyombo. Dismas ambaye nyumbani kwangu hajawahi kushika ndoo, huku anachota maji! Dismas ambaye mlango wangu umelegea bawaba tangu Neema ananyonya! Kila nilichoonyeshwa kilinikata, nami nikawa nasema, "Hongera, wifi... hongera."

Tukaketi. Akaniambia wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye amezaliwa hapa hapa, ni yatima. Akaniambia hakuwa na nia ya kuolewa, lakini alimwonea Dismas huruma.

"Huruma ya nini?"

"Wifi, kufiwa na mke siyo mchezo. Na watoto wadogo wale unaomlelea! Marehemu Skolastika alikufa kwa uzazi, sivyo? Mpaka leo akimtaja, analia."

"Analia?" nikauliza.

"Analia machozi kabisa."

Mnaweza kuamini? Nilimwonea wivu marehemu! Mimi niliye hai sijawahi kuliliwa na Dismas hata siku moja. Aliyekufa, ambaye ni mimi mwenyewe, analiliwa machozi mbele ya mwanamke mwingine!

Akaandaa ugali na samaki wa mgebuka. Akafumba macho, akabariki chakula, kisha akasema, "Na marehemu Skolastika, raha ya milele umpe, ee Bwana."

Nikaitikia, "Amina." Ningefanya nini?

Sijameza tonge la pili, pikipiki ikaunguruma nje, nikaenda kusimama mlangoni. Dismas akaingia uani, madumu ya maji yamefungwa nyuma. Akaanza kuyafungua huku anaimba. Alipogeuka akaniona mlangoni, dumu likamponyoka, likapasuka, maji yakaenea uani.

Nikasubiri aseme jina langu. Nilimpa nafasi hiyo, Mungu ni shahidi.

"Da... dada," akasema. "Umekuja bila taarifa?"

Dada! Ananitazama machoni, mama wa watoto wake, ananiita dada!

Nikamgeukia Spesioza. "Mimi ndiye Skolastika," nikasema. "Mke wake wa ndoa. Sijafa."

Spesioza alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akamtazama Dismas. "Dismas... huyu ni nani?"

Dismas akatupa mgongo. Mwanaume mzima! Alirukia pikipiki, akaipiga teke, akatimua. Spesioza akamkimbilia akimwita, mguu ukateleza kwenye yale maji, akaanguka. Akaangukia tumbo.

Nilidhani atainuka. Hakuinuka. Nikaona damu.

Nilipiga mayowe, lakini majirani wote walikuwa mashambani, na ofisi ya tumbaku ilikuwa imefungwa. Kitochi changu hakikuwa hata na mstari mmoja wa mtandao. Spesioza akanishika pindo la gauni. "Simu yangu... mezani... mpigie nesi..."

Nikaingia ndani, nikaichukua. Alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa juu ya kioo. Jina la nesi lilikuwa hapo. Nikasimama.

Sitawadanganya. Nilimtazama kupitia mlango nikawaza: tumbo hili ndilo lililomzuia mume wangu kurudi. Sikulisababisha mimi. Hakuna anayeniona. Nikiiweka hii simu mezani, nikatoka zangu...

Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Wifi, nisaidie." Bado alikuwa ananiita wifi!

Nikapiga. Ikaita mara moja tu, nesi akapokea, namsikia kama yuko pembeni yangu. Kwa njia ile ile niliyodanganywa nayo kila jioni! Nikamweleza huku nalia. Gari la wagonjwa likaja, tukamkimbiza hospitali mjini, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu njia nzima.

Mtoto alizaliwa siku ile. Wa kiume, mdogo kama kiganja, lakini hai. Nilipomwona tu moyo ulinipasuka upya: masikio ya Neema! Na Dismas alikuwa amelilia mtoto wa kiume tangu tuoane.

Niliosha khanga za Spesioza zenye damu. Nilimpikia uji. Kwa nini? Hakuwa na mtu. Na mimi, nani mwingine angenielewa?

Siku chache baadaye Dismas akatokea wodini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Alinipita kama vile nimekuwa kiti. Akaenda moja kwa moja kitandani kwa Spesioza, akapiga magoti, akasema, "Nisamehe, mke wangu."

Kati ya yote niliyoyaona, hilo ndilo lililoniua. Alianza na yeye! Hata msamaha, mimi nilikuwa wa pili!

Spesioza akageukia ukutani. "Umemzika mkeo akiwa hai," akamwambia. "Mimi utanizika lini?"

Dismas alitoka akilia. Baadaye alikuja kwangu na wazee wa kanisa, akitaka nimpokee. Wazee wakasema ni shetani alipita. Nikawajibu kwamba shetani hapangi nyumba akakaa misimu miwili. Nikamfungulia mlango, akatoka na begi lake. Sasa nasikia yuko machimboni, sijui na nani, na sitaki kujua. Ni uongo... nataka kujua. Wivu hauondoki kwa sababu mtu ameondoka.

Spesioza alinipigia juzi. Mtoto anabatizwa, anaomba mimi nimsimamie. Namheshimu, na sina kinyongo naye. Lakini kumshika yule mtoto mbele ya watu, na yale masikio... Sijamjibu bado. Nyie mnaosoma, msinilaumu.

Dada zangu, niwaombe jambo moja. Usiishi na sauti! Sauti haionyeshi mtu analala wapi. Zamani mtu akisema huku hakuna mtandao, ilibidi uamini. Leo anaweza kuwa pasipo mnara na bado yuko raha mustarehe mezani kwa mwenzako. Moyo ukianza kukuambia, usikae ukishona na kulia kama mimi. Panda gari mchana kweupe, nenda na ndugu yako, kamwone kwa macho. Na ukifika, usianze na yule mwanamke. Huenda naye amedanganywa kuliko wewe.

Na wewe baba unayesoma haya ukiwa sebuleni kwa mtu, simu sikioni, unasema uko kilimani: huku nyumbani watoto wako bado wanauliza unarudi lini. Rudi wakiwa bado wanauliza. Wangu wameacha.