Nati Mbili za Kola

Ilikuwa Jumanne, saa moja na robo asubuhi, Fausta alipomkuta sheshe, yule swala wa bondeni, amelala ubavu kwenye nyasi ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Mchombe. Koo limekatwa, damu imekauka tangu jana, paja moja halipo. Kola ya redio aliyovishwa shingoni kwa ajili ya utafiti ilikuwa imetupwa mtoni, ikanasa kwenye matete. Fausta akaivuta kwa fimbo, akaigeuza taratibu. Mkanda ulikuwa mzima. Nati zake mbili zilikuwa zimefunguliwa, kisha zikarudishwa kwenye skrubu zake na kukazwa kwa vidole.

Hakukuwa na wa kumwambia. Beatus, mtumishi mwenzake, alikuwa kwenye kituo chao cha utafiti, amejifunika shuka, anasema ana homa tangu jana. Miaka minne walikuwa wawili tu pale. Ukitaka kusikia sauti ya mtu, ni Beatus au redio ya upepo, ile ya kuzungumza na Ifakara.

Kufika saa nne, Leodegar, mgambo wa kijiji, alikuwa ameshamkamata mchungaji aitwaye Limbu, ambaye ng'ombe wake walilala karibu na mzoga. Gari la polisi lingempitia saa nane, limpeleke Ifakara.

"Shikamoo, mama," Limbu akasema, mikono imefungwa kamba.

"Marahaba. Jana ulikuwa wapi?"

"Na ng'ombe. Nikiwaacha atawachunga nani, wewe?"

"Jibu vizuri!" Leodegar akafoka. "Kisu chake kina damu, mama."

"Ya ndama aliyekwama kuzaliwa! Mimi Msukuma, nina ng'ombe sitini. Huyo swala wenu hana hata mafuta, nimchinje wa nini?"

Fausta akaomba afunguliwe kamba, akampa kola. "Hebu ivue, kama ungekuwa unaivua shingoni."

Limbu akaivuta huku na huku. "Leteni panga."

"Bila panga."

"Basi mwiteni fundi baiskeli, mama!"

Leodegar akacheka. Fausta hakucheka. Spana maalumu za kufungua nati zile zilikuwepo mbili tu bondeni kote. Moja ilikuwa ya kwake, na jana kutwa alikuwa nayo mkobani kwenye kikao Kibaoni, tangu asubuhi hadi magharibi. Ya pili ilikuwa ya Beatus.

Saa saba alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Homa imepungua?"

"Kidogo, dada. Nasikia wamemshika mwenye ng'ombe?"

"Wamemshika. Hivi Beatus, mwizi wa nyama nati anazirudishia nini?"

Beatus akaanza kukunja shuka.

"Tulifundishwa kwenye semina: ukivua kola, nati irudishe hapohapo isipotee nyasini. Waliofundishwa hapa ni mimi na wewe."

Beatus akaitazama mikono yake. "Mikono ilijiendea yenyewe, dada. Nilimtega kwa waya, nikamchinja. Paja nikalitupa mtoni, ionekane ni wawindaji. Kola nilidhani imezama."

"Kwa nini?"

"Huyo ndiye pekee aliyebaki na kola. Akifa, utafiti umekwisha, kituo kinafungwa, tunahamishiwa mjini. Binti yangu wa Kibaoni namwona mara moja kwa mwaka, ananiita anko, dada. Anko! Mimi baba yake!"

Fausta akakaa kwenye kigoda. Alimhurumia.

"Na Limbu je?"

"Sikujua watamkamata mtu."

"Umejua tangu saa nne, ukavuta shuka."

"Ukinyamaza tunaondoka wote wawili. Kwani wewe hujachoka na ukimya huu?"

"Nimechoka sana," Fausta akasema. "Vaa viatu. Gari linafika saa nane."

Beatus akakiri mbele ya polisi, akaondoka na gari lao, hakugeuka. Limbu akaachiwa, akapita na ng'ombe wake, akapunga fimbo kwa mbali mpaka vumbi likammeza.

Saa kumi na mbili jioni redio ikakoroma, mtu wa Ifakara akauliza, "Kituo cha bondeni, mko salama?"

Fausta akashika kitufe, akatazama kitanda kitupu cha Beatus.

"Niko salama," akajibu.