Bibi Amegoma Kula Mkate Wetu

Duka letu la mikate liko Madera, California, pale kwenye kona, jirani na fundi matairi. Ukiingia unachukua sinia na koleo, unazunguka kwenye rafu, unajichagulia mwenyewe. Ziko koncha, mikate ya mviringo yenye sukari juu. Iko mikate ya krimu. Na uko mkate wa kiini, mkate wa kwetu Oaxaca, kule Meksiko, umejaa mayai. Huo unauchovya kwenye chokoleti ya moto asubuhi, unasahau shida zako zote.

Mwokaji ni baba yangu, mzee Eleuterio. Wakubwa wenzake wanamwita Teyo. Mama yangu, Rufina, anakaa kwenye malipo. Mimi naitwa Nereo. Nimemaliza shule juzi juzi tu. Naendesha gari la duka, nafagia, nabeba unga.

Baba alikuwa na sheria yake. Rafu zisionekane tupu. Hata duka likikaribia kufungwa, mteja akiingia akute zimejaa.

"Rafu tupu ni duka linalokufa," alikuwa anasema. "Mtu akiona mbao, anaenda kwa mwingine."

Basi kila alasiri, jua linawaka kama limetumwa, baba anaoka tena. Na watu wameshanunua asubuhi! Jioni mikate inabaki kibao. Mikate ya leo leo, laini bado. Tunaimwaga kwenye pipa jeusi huko nyuma. Halafu baba anachukua ndoo ya maji ya deki, yale yenye sabuni, anaimwagia juu.

Kwa nini? Alikuwa anaogopa. Aliona mtu mwenye njaa ataiokota, ataumwa tumbo, atampeleka mahakamani. Ndivyo tulivyoishi. Mimi nilishazoea, sikuona hata ubaya.

Mpaka bibi Petrona alipokuja.

Bibi ni mama yake baba. Alitoka Oaxaca kuja kukaa na sisi. Yeye ndiye aliyemfundisha baba kuoka, kwenye tanuri la udongo, baba akiwa mdogo. Miaka yote hiyo kwenye simu baba alikuwa anamwambia, "Mama, siku ukija utaonja mkate wangu." Alikuwa anaisubiri siku hiyo kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Siku aliyofika, bibi alilala mchana kutwa. Jioni akatoka nyuma kutafuta upepo. Akamkuta baba na ndoo yake.

"Teyo! Unafanya nini?"

"Nasafisha, mama."

"Unasafisha mkate kwa sabuni?"

Mimi nikacheka. Baba akanitupia jicho. Nikakumbuka kuna mahali sijafagia.

"Imebaki tu, mama," baba akasema. "Huku ndivyo tunavyofanya."

"Imeoza?"

"Hapana."

"Ina ukungu?"

"Hapana mama, ni ya leo."

"Sasa kosa lake nini?"

Baba akabaki ameshika ndoo.

"Haya," bibi akasema. "Mkate wako mimi siuli."

Tulidhani ni uchovu wa safari. Asubuhi baba akamwokea mkate wa kiini, mkubwa, unang'aa. Akampelekea mwenyewe na kikombe cha chokoleti. Bibi akanywa chokoleti yote. Mkate akausogeza pembeni kwa kidole kimoja.

"Nereo, mjukuu wangu," akaniambia, "unga wa mahindi mnao?"

Ikawa hivyo kila siku. Bibi anajitengenezea tortiya zake, chapati za mahindi, anakula na maharage, raha mustarehe. Baba anazunguka hapo kama kuku aliyepoteza yai.

Habari zikatoka nje. Sijui nani alizitoa. Haya, ni mimi. Nilimwambia fundi matairi, Wenseslao, na Wenseslao hana breki.

"Mzee Teyo!" akapaza sauti dukani watu wamejaa. "Eti hata mama yako mzazi hali mkate wako? Unaweka nini humo, saruji?"

Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Usiku huo hakula vizuri.

"Mwache tu, atazoea," mama akamwambia.

"Humjui mama yangu," baba akasema. "Aliwahi kumnunia padri tangu Kwaresima mpaka Krismasi."

Sasa kuna mteja wetu mmoja, dada Delfina. Anapenda koncha za pinki. Anafanya kazi kwenye ofisi ya wilaya, upande wa taka. Asubuhi moja akaja na fulana yake ya kazi, ile inayong'aa. Hakuingia dukani. Alienda moja kwa moja nyuma, akafunua pipa jeusi. Kisha akaja mbele ameshika pua.

"Mzee Teyo, shikamoo. Kwenye pipa kuna mikate inaogelea."

Baba akabadilika rangi. "Marahaba. Nimekosea nini?"

"Mikate hiyo haitakiwi pipa jeusi. Sheria ya jimbo letu inasema mabaki ya chakula yaende pipa la kijani. Yanageuzwa mbolea. Ukiyatupa na takataka nyingine, yanafukiwa jalalani, yanaoza, yanatoa hewa chafu inayozidisha joto la dunia. Na joto hapa Madera tunalo la kutosha, au?"

"Tunalo," mama akasema, akijipepea na mfuko wa karatasi.

"Lakini hata pipa la kijani ni kwa mkate ulioharibika," dada Delfina akaendelea. "Mkate mzima unaenda kwa watu. Kwa nini hutoi?"

"Nishtakiwe? Kuna jamaa wa Fresno, mji wa jirani, alitoa keki, akashtakiwa, akafunga duka."

"Jamaa gani?"

"Jina silijui."

"Duka lake liko wapi?"

"Sijui."

"Nani alikuambia?"

Baba akanyoosha kidole kwa fundi matairi. Wenseslao alikuwa mlangoni na koncha mdomoni. Akatoweka.

Dada Delfina akavuta kiti. "Nisikilize, mzee. Sheria inamlinda mtu anayetoa chakula kwa nia njema. Ukitoa chakula unachoamini ni kizima, umekitunza kwa usafi, hushtakiwi kwa sababu mtu ameumwa tumbo. Ila usitoe kitu unachojua kimeharibika. Huo si msaada, huo ni uovu, na hapo sheria haikulindi."

"Kwa hiyo sheria inanilazimisha kutoa?"

"Wewe hapana. Inalazimisha wakubwa, kama yale masoko makubwa ya chakula. Hao ni lazima watoe chakula kizima kinachobaki. Duka dogo kama lako unatoa kwa hiari. Kutenganisha taka tu ndiyo lazima kwa wote."

Bibi alikuwa jikoni. Kumbe masikio yake yako dukani. Akatokeza kichwa.

"Huyu msichana ana akili. Ameolewa?"

"Mama!" baba akasema.

"Nimeuliza tu."

Dada Delfina akacheka mpaka akafuta machozi. Akatuambia kuna ukumbi karibu na reli, wanagawa chakula jioni. Wengi wanaokuja pale ni wachuma zabibu. Msimu ukisimama, mifuko yao inakauka.

"Kule kwa wachuma zabibu ndiko nilikoanzia," baba akasema taratibu.

Jioni ile ile nikapakia gari. Nilijaza kila kitu kilichobaki, koncha, mikate ya kiini, mikate ya krimu, vyote kwenye masanduku. Njiani nikakutana na rafiki yangu, tukapiga soga. Gari juani, madirisha yamefungwa.

Kufika ukumbini, mama mmoja mnene anayepokea chakula akashika mkate wa krimu. Akauminya. Krimu ikamwagika kama maziwa.

"Mwanangu, huu umeupika mara ya pili?"

Nikataka ardhi inimeze. Mikate mikavu akaichukua yote, akashukuru. Ya krimu akanirudishia. Nilirudi nayo nyumbani, ikaenda pipa la kijani.

Baba hakunigombeza. Alimpigia simu dada Delfina, naye akatufundisha vizuri, tukafuata. Mikate mikavu inakaa kwenye masanduku safi yenye mfuniko. Ya krimu inakaa kwenye friji mpaka dakika ya kuondoka, halafu inasafiri kwenye kasha lenye barafu. Kipimajoto kisizidi nyuzi tano. Mkate wenye karanga au maziwa tunaubandika karatasi, tunaandika, maana kuna mtoto akila karanga anavimba koo. Mkate ambao mteja ameung'ata au ameuangusha, huo hautolewi. Na dereva hapigi soga. Hiyo ya mwisho aliongeza mama.

Nikajua bibi sasa atakula. Wapi!

"Mnatoa, vizuri," akasema. "Lakini bado mnaoka kupita inavyohitajika. Mayai ya watu, unga wa watu, kuni za watu."

"Hatutumii kuni, mama. Ni gesi."

"Na gesi ya watu."

Baba akainuka, akaenda kusimama mbele ya rafu zake. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwake. Kutoa aliweza. Kuacha kuoka alasiri hakuweza. Alizitazama zile mbao ndefu kama mtu anayeaga.

"Nikipunguza zitaonekana tupu. Watasema Teyo amefulia."

Mama alikuwa anafuta sinia. Akasema bila hata kugeuka, "Si uhamishe mikate?"

"Kwenda wapi?"

"Saa za jioni iweke yote kwenye ile rafu ndogo ya mlangoni. Hizi kubwa zifunike kwa vitambaa vyetu vilivyotariziwa. Mtu akiingia anakuta rafu imejaa. Nani atahesabu?"

Baba akamgeukia mama. "Muda wote huo ulikuwa unalijua hili?"

"Hukuniuliza."

Tukajaribu. Vitambaa vya kwetu vina maua mekundu na ndege, duka likapendeza kuliko zamani. Wateja wa jioni walikuta rafu ndogo imefurika, wakadhani mikate imetoka tanurini sasa hivi. Wakanunua. Baba akaoka kidogo alasiri, baadaye akaacha kabisa. Unga ukawa unakaa. Pipa jeusi likawa jepesi mpaka upepo unaliangusha. Ndoo ya deki ikarudia kazi yake ya sakafu.

Bado mikate michache ilibaki kila jioni, hiyo huwezi kuikwepa. Hiyo ndiyo niliyokuwa napeleka ukumbini.

Siku moja bibi akavaa rebozo yake, ile shali ya kujifunika mabega. Akakaa kwenye gari kiti cha mbele, bila kuitwa.

"Mkate unakokwenda, na mimi naenda."

Baba akafunga aproni, akaruka nyuma na masanduku.

Ukumbini kulikuwa na foleni. Akina mama, watoto, wanaume wenye kofia za shambani. Bibi akasimama kwenye foleni! Nikamwambia, "Bibi, wewe huna haja ya kupanga foleni." Akanipiga kofi dogo la mkononi.

Mbele yake alikuwa dada mmoja amebeba mtoto mgongoni. Wakaanza kuongea Kimixteko, lugha ya kwetu. Kumbe dada yule ametoka kijiji cha mlima wa pili. Zamu yake ilipofika akapewa mkate wa kiini. Akaunusa. Akafumba macho.

"Huu unanukia nyumbani," akasema.

Akaukata katikati, nusu akampa mtoto. Nusu ya pili akaikata tena, kipande akampa bibi, kwa sababu kwetu huwezi kula peke yako mtu mzima amesimama karibu.

Bibi akakipokea kwa mikono miwili.

Baba alikuwa ameshika sanduku. Hakuliweka chini, hakulisogeza.

Bibi akatafuna. Polepole sana. Akameza. Akatazama foleni yote, akamtazama yule mtoto amejipaka makombo mpaka kwenye nyusi. Ndipo akamgeukia baba.

"Mayai machache," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na umeutoa mapema tanurini. Nani alikufundisha kuoka?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Mimi sikukufundisha hivi." Akalamba kidole. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kingine kwenye sanduku la baba. "Kesho uniamshe. Tutaoka wote. Na tutaoka kidogo, Teyo, umenisikia? Kidogo."

"Nimesikia, mama," baba akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka, na macho pia.