Reijo na Viatu vya Kiangazi

Ilikuwa Januari mjini Kuopio, kaskazini ya mbali ambako njia zote zilikuwa barafu, na Reijo alikuwa kochini tena. Mguu juu ya mto, mkononi andazi la iliki. Tuovi, mkewe, alimtazama mpaka akachoka.

"Daktari alisema sukari isiposhuka utaanza kuchomwa sindano," alisema. "Akakwambia ukimbie. Hakusema uanguke."

"Nimeteleza kidogo tu, mama."

"Juzi kiuno. Leo kifundo cha mguu. Kesho utaniletea shingo?"

Reijo aliogopa sindano kama mtoto. Ndiyo maana alikimbia kando ya ziwa kila jioni. Lakini alikimbia na viatu vya kiangazi, soli zimelika zikawa laini kama sahani. Alivaa masweta mazito juu ya fulana ya pamba, akarudi ameloa jasho, meno yanagongana. Tuovi alishamsihi anunue viatu vyenye misumari midogo kwenye soli, ya kushika barafu.

"Vile ni vya mabibi wanaokwenda dukani," Reijo alijibu. "Mimi nimezaliwa kwenye barafu."

"Na huko huko unataka kufia. Basi, namwita Kaisu."

Kaisu, jirani yao wa ghorofa ya chini, alikuwa amefundisha wakimbiaji miaka mingi. Alivua viatu mlangoni, akaokota kimoja cha Reijo na kukigeuza.

"Hiki ni kiatu au kisu cha kupakia siagi?"

Tuovi alicheka. Reijo hakucheka.

"Sikiliza, mzee," Kaisu alisema. "Mimi navaa misumari. Niite bibi ukitaka, lakini bibi hajalala kochini."

"Sawa, bibi. Na jasho je?"

"Pamba inanyonya jasho na kukaa mbichi mwilini. Ukipunguza mwendo tu, baridi inakuvamia. Ndani vaa fulana nyembamba ya sufu, juu yake koti jepesi la kuzuia upepo. Ukitoka nje, uhisi ubaridi kidogo. Ukiona joto ukiwa bado mlangoni, umezidisha nguo."

"Na barafu?"

"Hatua fupi, polepole, mguu utue chini ya mwili wako. Anza kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi, ukiwa na jasho, uwe mgongoni. Funika mdomo kwa skafu. Vaa vipande vinavyong'aa vikimulikwa na taa, madereva wakuone gizani. Baridi ikiwa kali mno, fanya mazoezi ndani."

"Nianze kesho?"

"Kwa kifundo hicho?" Tuovi alidakia. "Kipone kwanza, bwana wewe."

Kifundo kilipona. Reijo alinunua viatu, huku akinung'unika dukani kote. Jioni ya kwanza alirudi mkavu. Ya pili pia. Februari iliisha hajaanguka hata mara moja.

Theluji ilipoanza kuyeyuka walirudi kwa daktari. Sukari ilikuwa imeshuka. Hakuna sindano, daktari alisema, mradi aendelee hivyo hivyo.

Reijo alifurahi kupita kiasi. Kila aliyekutana naye alionyeshwa soli. Jioni hiyo alikimbia, akarudi akiimba, akaingia moja kwa moja mpaka jikoni.

Kra, kra, kra.

Tuovi alitazama sakafu yake ya mbao, na mikwaruzo iliyotoka mlangoni hadi kwenye jokofu.

"Reijo," alisema taratibu, "hivyo viatu vinavuliwa nje."