Mashtaka ya Mama Mkwe kwa Mfalme

Asubuhi ile mama mkwe wangu alikuwa akichagua dengu mezani. Mimi nilikuwa nikikanda unga. Kwenye friji nilikuwa nimebandika karatasi yenye maswali mia moja ya historia na serikali ya Marekani.

"Serikali ina matawi mangapi?" nilimuuliza kwa Kiingereza.

"Chumvi imekwisha," alinijibu kwa Kinepali.

"Mama."

"Imekwisha kweli. Funua kopo uone."

Tuliishi hivyo hapa Akron, Marekani, kwa miezi minane. Nilimrekodia maswali kwenye simu. Aliyasikiliza akasinzia. Niliyaandika kwa herufi kubwa. Akaitumia karatasi ile kufungia pilipili.

Jina lake lilikuwa Nar Maya Dhungel, na alikuwa na miaka sitini na sita. Aliomba uraia kwa sababu moja tu. Tulipotoka kambi ya wakimbizi kule Nepali, dada yake mkubwa, Tulasa, alibaki kulekule, wilaya ya Jhapa. Sasa Tulasa alikuwa haoni, na kila simu sauti yake ilizidi kufifia. Mama alitaka pasipoti akamwone akiwa hai. Pasipoti haikuja bila uraia, na uraia haukuja bila mahojiano.

Mahojiano ya kwanza alishindwa. Nilimkuta amekaa nje ya chumba, mkoba magotini.

"Wamekuuliza nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo gani ya nyumbani?"

"Twende. Miguu inauma."

Karatasi aliyopewa ilisema ameshindwa kuzungumza Kiingereza. Katika maswali kumi ya historia na serikali alipata matatu. Yalihitajika sita. Angeitwa mara moja tu tena, kabla ya siku tisini kwisha. Akishindwa, ombi lingekataliwa, aanze upya. Tulasa hakuwa na muda wa mtu kuanza upya.

Basi nikaongeza maswali. Nilimuuliza akila, nilimuuliza akifua. Akiwa bafuni, nilimsomea nikiwa mlangoni.

"Sabitra," baba mkwe aliniambia, "mwache mwenzako aoge."

Mume wangu, Yadu, alisema nimekuwa kama karani wa mgawo wa mchele kambini. Sikumjali. Nani mwingine angemfundisha?

Siku moja jirani yetu, Loretta Kovach, alibisha hodi. Alikuwa mwalimu wa muziki aliyestaafu, na kila Alhamisi alifundisha wahamiaji Kiingereza maktabani.

"Nimekusikia ukimfokea mama yako tangu theluji ilipoyeyuka," alisema. "Mlete maktaba, nami nipumzike."

Alhamisi tulikwenda wote watatu, kwa kuwa baba ndiye aliyeendesha gari. Nilikuta watu wazima wanakata mataji ya karatasi.

"Mwalimu, tumebakiwa na siku arobaini," nilisema. "Tumekuja kusoma, si kucheza."

"Kaa," Loretta alinijibu. "Wewe utakuwa askari."

Alimvika baba taji, akamkalisha kwenye kiti kirefu. Kisha akaeleza kwa maneno mafupi. Zamani watu wa nchi hii walitawaliwa na mfalme wa mbali, wa Uingereza. Aliwatoza kodi bila kuwauliza. Aliwaletea askari wasiowataka. Alikataa sheria zao. Mwishowe waliandika makosa yake, moja baada ya jingine, wakamwambia, basi, tumeachana. Hilo ndilo Tangazo la Uhuru.

"Sasa kila mmoja asimame amshtaki mfalme," alisema.

Mama alinivuta mkono. "Hii si Teej?"

"Teej gani tena, Mama?"

"Wanamsema mfalme kama sisi tunavyosema."

Loretta alitaka kujua tunanong'ona nini. Nilimweleza kwamba Teej ni sikukuu ya wanawake. Mke hurudi kwa wazazi wake, huvaa nyekundu, hufunga, kisha huimba yote aliyoyameza mwaka mzima. Humwimba mume, humwimba mama mkwe, humwimba hata mkubwa wa kijiji. Siku hiyo haadhibiwi mtu.

"Na huyu huniimba mimi," mama alisema, akinionyesha kwa kidevu.

"Basi nawe mwimbie mfalme," Loretta alisema.

Mama alisimama. Alijifunga ncha ya sari kiunoni, akaanza kwa sauti ya Teej, nusu Kinepali, nusu Kiingereza.

"Kodi umechukua, ushauri hukutaka. Askari wako kalala kwangu, wali wangu kamaliza."

Wanawake walipiga makofi wakaitikia. Baba alijikunyata kitini. Ubeti wa nne ulihusu kukoroma.

"Hilo halimo kwenye historia," baba alilalamika.

"Mfalme hajibu," mama alimwambia.

Alhamisi iliyofuata tulicheza matawi ya serikali. Wanawake watatu walisimama duara, wakashika sari moja. Bunge linatunga sheria. Rais anazitekeleza. Mahakama inaamua kama zinafuata Katiba. Mmoja akivuta kupita kiasi, wawili wanamzuia.

"Kumbe hakuna anayemwamini mwenzake," mama alisema.

"Ndiyo maana yake," Loretta alijibu.

"Si ungesema tangu mwanzo, Sabitra? Hiyo ni nyumba yetu."

Miezi minane nilikuwa nimesema.

Kisha Loretta akaigiza afisa wa mahojiano. Alimuuliza mama jina lake. Akajibu. Alimuuliza anakoishi. Akajibu.

"Mume wako anaitwa nani?"

"Baba Yadu."

Loretta alitazama fomu. "Hapa pameandikwa jina lingine. Anaitwa nani?"

Mama aliinamisha kichwa. Aliulizwa matawi ya serikali, hakujibu. Aliulizwa habari za mfalme, hakujibu.

Nilihisi aibu hadi masikioni. Kwetu mke hataji jina la mume wake. Husemwa kwamba humpunguzia siku za kuishi. Mama alinigombeza miaka yote kwa kumwita Yadu kwa jina lake. Nilijua. Nilimkaririsha majina ya marais, nisikumbuke jina hilo moja.

"Siku ile ndivyo ilivyokuwa?" nilimuuliza.

"Ndivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ni ushamba."

Ningesema.

"Afisa hajui desturi yenu," Loretta alisema. "Ukinyamaza, anadhani hujui Kiingereza. Mwambie, kwetu sisi hatulitaji, naomba niandike. Au litaje. Ni hiari yako. Kunyamaza tu ndiko kubaya."

Baba alichukua taji, akalivaa. "Mama Yadu, mimi si umeshanipindua? Mfalme aliyepinduliwa hutajwa jina."

Mama alimtazama. "Geuka kule," alisema.

Baba aligeukia rafu za vitabu.

"Loknath Dhungel," mama alisema, kisha akasubiri.

"Bado mzima," baba alijibu bila kugeuka.

Siku ya mahojiano ya pili, afisa aliuliza jina la mume. Mama alilitaja, taratibu. Aliulizwa kwa nini walowezi wa Marekani walipigana na Waingereza. Alitoa sababu nne.

"Moja inatosha, bibi," afisa alimwambia.

Alipofikisha majibu sita sahihi, maswali yakaishia hapo. Akasoma sentensi moja, akaandika moja, akapita.

Mama alifariki Machi ya mwaka uliofuata. Siku hizi Alhamisi namsaidia Loretta. Mzee akinyamaza, sipazi sauti. Namuuliza kwanza kimemkwama nini. Kwa mama nilichelewa kuuliza, na hilo huniuma.

Lakini kwa Tulasa aliwahi. Oktoba, miezi mitano kabla ya kifo chake, alipata pasipoti, Yadu akampeleka Jhapa. Walimkuta Tulasa amekaa barazani. Alisikia hatua, akanyoosha mikono, akampapasa mdogo wake uso, masikio, hadi mabega.

"Umenenepa," alisema. "Kaa, chai inapoa."

Walikaa pamoja wiki kumi na moja.