Usiondoe Mguu Kabla Hajamaliza

Jirani yetu Lorna Haugen alikuwa amesimama tangu alfajiri, akifua mashuka ya nyumba ya wazee hapa Duluth, kando ya ziwa linaloganda wakati wa baridi hata magari yakapita juu yake. Mchana ule wa Februari alirudi kwake miguu imevimba hata viatu vikamtoka kwa kuvutwa. Mumewe, Curtis, alimpa supu. Akainywa amefumba macho, kisha akashuka chumba cha chini, kwenye gitaa lake.

Hakuwa na hiari. Duane, kiongozi wa bendi yao ya dansi, alikuwa amemwambia kinagaubaga: Jumamosi gitaa lisipotoa mwangwi, nafasi yake anapewa mwingine. Na bendi ile ndiyo iliyokuwa pumzi yake. Mengine yote aliyafanya kwa kuwa hayakuwa na mfanyaji mwingine.

Kisanduku cha mwangwi, cha kuunganishwa kati ya gitaa na spika, alikuwa amekinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja. Kilikuwa na kanyagio moja na vifundo visivyo na maandishi. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimetafsiriwa na mtu aliyeijua lugha nusunusu.

"Curtis, hebu nisaidie, mwenzio kichwa kimegoma. Eti: 'Kanyaga umwite. Kifundo cha kushoto ni umbali wake. Usiondoe mguu kabla hajamaliza.'"

Curtis, aliyekaa ngazini na kahawa yake, akaangua kicheko. "Hajamaliza nani? Huo ni mwangwi, mke wangu. Hawa wanatafsiri kama mimi ninavyopika."

"Kwa hiyo 'umwite' ni kuuwasha tu."

"Ndiyo. Kanyaga basi, ukajinyooshe."

Akakanyaga, akapiga noti moja. Ikarudi, tamu, ikarudi tena kwa mbali, kama inayotoka ng'ambo ya ziwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Lorna akatabasamu. Akazungusha kifundo cha kushoto. Noti ikasogea. Akazungusha tena. Ikasogea zaidi.

Kisha mwangwi ukakohoa.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Curtis akatikisa kichwa. Kikombe kilikuwa kimeganda karibu na mdomo wake.

Lorna hakuwa amegusa nyuzi za gitaa. Ndani ya spika mtu alikuwa akihema, pumzi nzito za aliyetoka mbali kwa miguu. Halafu sauti ya mwanamume, ya taratibu.

"Asanteni kwa kuniita. Nitasema yangu, nikimaliza nitarudi nilikotoka."

Akaanza kusimulia. Jinsi barafu ya ziwa ilivyopasuka chini ya gari lake. Jinsi alivyoigonga kwa chini, akiona nyayo za watu juu yake. Jinsi watu wale walivyosimama, wakasikiliza, wakaambiana kwamba barafu inaimba. Hakuwa na haraka. Alikuwa na mengi.

Mguu wa Lorna ukaanza kutetemeka.

"Usiondoe," Curtis akanong'ona.

"Siwezi. Umekufa ganzi."

"Ngoja. Naja niweke wangu."

Akateremka. Ngazi zikalia. Spikani sauti ikasema, "Na aliyekuwa amesimama juu yangu jina lake..."

Mguu ukateleza.

Kimya.

Lorna alikanyaga tena na tena, akilia, akimwomba amalizie. Noti zilirudi. Mwangwi mtupu. Hakuna aliyehema. Curtis akachomoa nyaya, akakipeleka kisanduku jalalani kabla jua halijazama.

Jumamosi Lorna hakwenda. Duane akampa mwingine nafasi ile, na Lorna hakubisha. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Jumapili yake Curtis aliona doa la barafu kwenye sakafu ya chumba cha chini. Lilikuwa kiganja cha mtu, mistari yake yote ikionekana, kama kimebandikwa kwa chini. Akalikwangua. Asubuhi iliyofuata likawa kwenye ngazi. Wakawasha moto nyumba nzima, lakini halikuyeyuka.

Jana Lorna alinionyesha lilipofika. Liko ukutani, juu ya mto anaolalia. Kidole kimoja kimekunjwa, kama cha mtu anayetaka kugonga.